Ubeti wa Mama Chiriku

Chumba cha kufulia cha hoteli ile kilikuwa nyuma kabisa, chini ya jiko, na joto lake lilimfanya mgeni ageukie mlangoni kabla hajasalimia. Shuka zikitoka kwenye mtambo wa pasi zilikunjwa na watu wawili wawili. Kila mmoja anashika ncha mbili, mnavuta, mnakutana, mmoja anapokea ncha za mwenzake, mnaachana, mnakutana tena. Kazi hiyo ukiifanya kimya, mabega yanakufa ganzi. Ukiifanya kwa wimbo, mikono hujiendea yenyewe.

Wimbo wa chumba kile aliuleta Mama Chiriku. Aliupata kwa mama yake, naye aliupata kwa mama yake, aliyekuwa akiuimba kwenye kinu, mchi ukitoka mkono huu kwenda mkono ule. Kiitikio chake kilikuwa kifupi:

*Pokea, mwenzangu, pokea,*
*mzigo si wangu peke yangu.*

Baada ya kiitikio, kila mwanamke alitia ubeti wake. Pale kufulia beti zilikuwa za kuchekesha tu. Mmoja aliimba habari za msimamizi anayenusa ndoo za sabuni kana kwamba zimetiwa mchuzi. Mwingine aliimba habari za wifi aliyekuja kusalimia mara moja na sasa ameota mizizi sebuleni. Walicheka, shuka zikapungua. Lakini katika ukoo wa Mama Chiriku beti hazikuwa za mzaha siku zote. Bibi yake alikuwa na ubeti alioutoa pale tu mumewe alipokuwa ametoka. Mama yake alikuwa na wake. Ubeti wa mtu ulikuwa mali yake, kama mswaki, hukuuazima.

Na yeye alikuwa na wake. Aliutunga mwaka wa kwanza wa ndoa, akisugua sufuria peke yake, na pale kufulia hakuwahi kuuimba. Hata Mrefu, mwenzake wa kukunja naye shuka miaka nenda miaka rudi, hakujua kwamba upo.

Binti yake wa pekee ndiye aliyekuwa Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakunyamaza. Alipokua aliimba kwenye harusi za watu, kisha nyuma ya waimbaji wengine, akiitikia kwa kipaza sauti cha pembeni ambacho mara nyingi hakikuwa kimewashwa. Baba yake, fundi wa redio, ndiye aliyemwambia hivyo mara ya kwanza, kwa masikitiko, maana sikio lake lilikuwa halidanganyiki katika mambo ya waya.

Kisha Chiriku akachumbiwa na mfanyabiashara wa vipuri. Nguo zilikwisha shonwa, watu wamekwisha alikwa, yule bwana akatuma ujumbe kwa simu kwamba amefikiri upya. Chiriku akarudi kwao, akalala akiangalia ukuta, hali, hasemi. Nyumba haikuwahi kuwa kimya namna ile. Baba yake alikuwa akifika mlangoni, anasimama, anajikuna kidevu, anarudi dukani kwake.

Alasiri moja Mama Chiriku aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika binti yake mguu, akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Kiitikio Chiriku alikijua tangu utotoni. Ubeti uliofuata hakuwahi kuusikia:

*Nilibisha kwa vidole, nikabisha kwa kiganja,*
*nikalowa barazani, viatu nimevishika;*
*mlango haukujibu, nikarudi kwa mwenyewe.*
*Ungefunguka mlango, ningelirudia nini?*

Chiriku akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuupa ukuta kisogo.

"Huyo nani, mama?"

"Mimi."

Akamsimulia. Kabla ya baba yake kulikuwa na mtu mwingine, mshona viatu aliyepanga chumba karibu na kwa shangazi. Wazazi hawakumtaka, wakamtafutia fundi wa redio, kijana mpole wa familia inayojulikana. Akaolewa. Kabla mwaka haujaisha, siku moja aliaga nyumbani kwamba anakwenda kwa shangazi, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mshona viatu. Alibisha mpaka mvua ikamkuta. Jirani ndiye aliyemwambia kwamba yule mtu alihama zamani, na hakuacha neno.

"Nilidhani nitakufa," alisema Mama Chiriku. "Sikufa. Nikarudi, nikapika, na baadaye nikakupata wewe. Nakwambia haya ili ujue kwamba hata hili lako litapita."

"Baba anajua?"

"Hajui, wala hatajua. Hili ni langu na lako. Hata kuzimu usilitamke."

"Nakuapia, mama," alisema Chiriku, akamkumbatia, na siku ile akaomba chai.

Akapona. Akarudi kwenye muziki akiwa na hamu mpya, na baada ya muda akaja kwao na habari kwamba amepata mtayarishaji mzuri, na kwamba anataka kurekodi wimbo wa bibi, ule wa *Pokea*. Mama Chiriku akafurahi. Alimwimbia kiitikio taratibu, akamsahihisha pale alipokuwa akikimbiza, akamwambia jinsi ya kuacha nafasi kidogo kabla ya "mzigo", nafasi ya mchi kupanda hewani. Chiriku alirekodi kwa simu, akambusu mashavu yote mawili.

Wimbo ulifika kufulia kupitia redio iliyokuwa juu ya mlango. Kwanza ngoma, nzito, za kucheza. Kisha gitaa. Kisha sauti ya Chiriku: *pokea, pokea, pokea.* Kina mama waliacha mashine zikijizungukia. Mrefu alishika kiuno akacheza mpaka kilemba kikamtoka. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mapenzi ya kawaida, wa simu isiyopokelewa na ahadi zisizotimia. Mama Chiriku alikuwa akicheka, machozi yanamlengalenga, ameshika ncha mbili za shuka.

Ukaingia ubeti wa pili. *Nilibisha kwa vidole.*

Ncha zilimtoka mikononi, shuka ikaanguka sakafuni penye maji.

"Ni furaha hiyo," alisema Mrefu, akaiokota. "Mwacheni, ni furaha."

Jioni ile ile alikwenda kwa binti yake. Chiriku alifungua mlango huku simu iko sikioni. Tangu asubuhi simu zilikuwa hazimwachi. Alipoona uso wa mama yake akaikata.

"Mama, keti kwanza."

"Siketi."

"Mtayarishaji alisema nyimbo zote zinazopendwa siku hizi zimechotwa kwenye za zamani. Ukiondoa ngoma na mashine, chini unamkuta bibi ameketi anaimba, na watu wanamwitikia. Hilo si jipya tena. Alitaka ubeti mmoja unaochoma. Nilijaribu kutunga, mama. Nilitunga mpaka kichwa kikauma. Beti zote alizitupa."

"Ukampa wangu."

"Nani atajua? Hakuna jina humo. Watu watadhani ni ubeti wa kale, wa wazee waliokwisha kufa."

Mama Chiriku alitazama chumba. Kulikuwa na maua mapya mezani na viatu vya jukwaani vimetupwa kila upande. Alitaka kusema mengi, lakini aliona kwamba maji yamekwisha mwagika, na kilichobaki ni kuyazuia yasifike mbali.

"Basi uwe wa kale," alisema. "Wakikuuliza, sema ni wa kale. Hilo tu nakuomba. Jingine lolote sitaki."

"Sawa, mama. Ni wa kale."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwake kwa namna ambayo hangeweza kumweleza mtu. Duka la mumewe lilikuwa kwenye kona, nyumba chache kutoka kwao, na kila spika iliyopona mikononi mwake ilijaribiwa kwa wimbo wa binti yake. Mtaa mzima ulilazimika kusikia. Mama Chiriku akitoka kazini alikutana na ubeti wake mwenyewe njiani, umekuzwa, unatetemesha mabati.

"Mama Chiriku, njoo," mumewe alikuwa akimwita, bisibisi mkononi, uso unang'aa. "Sikiliza hapa. Hapa kwenye mlango. Hapa ndipo mtoto anapoimba kweli."

Alisimama akasikiliza. Angefanya nini?

"Watu wa zamani walijua kusema," alisema Fundi siku moja, wimbo ulipokwisha. "Huyu mwanamke, maskini. Sijui alikuwa nani."

"Sijui," alijibu Mama Chiriku.

Alizoea kidogo. Alianza hata kujiambia kwamba Chiriku alisema kweli, kwamba wimbo ukishaimbwa na watu wengi hauna mwenyewe tena. Watoto waliucheza uani wakigombania sehemu ya mlango. Kama ubeti wake ungeweza kuzama ndani ya vinywa vyote vile, labda ungepotea salama.

Ndipo ikaja siku ya mahojiano. Mtangazaji wa mchana alikuwa kijana mwenye maneno, aliyependwa kwa sababu hakumwogopa mtu. Chiriku aliwapigia wazazi wake wote wawili asubuhi kuwaambia wasikilize. Pale kufulia redio iliongezwa sauti mpaka ikashindana na mtambo.

"Dada Chiriku," mtangazaji alianza, baada ya salamu na vicheko, "wako wanaosema umeokota wimbo wa bibi, ukaupiga ngoma juu, basi. Wanauliza chako wewe ni kipi."

"Waambie wazime redio zao wote," Chiriku alijibu. "Nyimbo mnazopiga hapa kutwa nzima, mmoja anatoa, wengi wanapokea, hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kinu, kwenye jembe, kwenye kubembeleza watoto. Sisi sote tunaazima. Mimi nimekubali tu kusema."

"Sawa, lakini swali liko pale pale. Kiitikio cha bibi. Ubeti ule wa mlango, ambao nchi nzima inaulilia, nao ni wa kale. Wewe umeleta nini?"

Redio ilinyamaza kidogo. Mama Chiriku alijua kimya kile. Alikuwa akikisikia tangu Chiriku akiwa mtoto, kabla hajasema jambo aliloambiwa asiseme.

"Ule si wa kale," alisema Chiriku. "Ule ameutunga mama yangu mzazi, mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Aliniimbia mimi mwenyewe, peke yangu."

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo ni kisa cha kweli?"

"Kila neno."

"Duh. Na mzee anasemaje?"

Chiriku akacheka, kicheko kifupi, cha juu juu. "Mzee ni fundi wa redio. Anausikiliza kila siku."

Mtangazaji naye akacheka, wakaupiga wimbo.

Kufulia hakuna aliyecheza. Kina mama walimtazama Mama Chiriku, kisha wakatazama ndoo, wakatazama sakafu. Mrefu alinyoosha mkono wake mrefu akaizima redio.

"Nenda," alisema. "Hizi nitazimaliza."

Alikwenda hivyo hivyo na aproni yake ya kazi. Alipofika kwenye kona, duka lilikuwa wazi lakini kimya. Fundi alikuwa akimrudishia mteja redio yake, akimweleza taratibu asiiweke karibu na dirisha, vumbi linaiua. Mteja alipoondoka, Fundi alichomoa kifaa cha kulehemu kwenye umeme, akakilaza mahali pake, akafuta mikono.

"Keti, Mama Chiriku," alisema.

Safari hii aliketi, kwenye kibao cha wateja.

"Nimesikia," alisema Fundi.

"Najua."

"Ile siku ulisema unakwenda kwa shangazi yako."

"Ndiyo."

"Shangazi yako alikuja nyumbani siku ile. Hukuwa umefika hata nje ya mtaa. Alikuja kukutafuta, alikuwa amekuletea kitambaa. Nilimwambia umelala, hujisikii vizuri. Akaniachia, akaenda zake."

Mama Chiriku alikikumbuka kitambaa kile. Mumewe alimwambia kimeletwa na mtoto wa jirani.

"Kwa hiyo nilijua kwamba hukuwa kwa shangazi," Fundi aliendelea. Hakupandisha sauti, alikuwa akisema kama mtu anayefuatilia waya kutafuta ulipokatika. "Na nilijua ni nani aliyekuwa akikaa upande ule, maana watu walikuwa wamenieleza kabla sijaoa. Nikakaa nikangoja. Nilijiambia, asiporudi, sitamfuata. Jioni ukarudi, umelowa, viatu mkononi. Nikakuchemshia maji. Unakumbuka nilivyokuwa nikicheka?"

"Nakumbuka."

"Ulidhani nakucheka matope. Nilikuwa nimefurahi. Nilisema moyoni, amekwenda, ameona, amenichagua mimi. Sikukuuliza kitu kwa sababu hiyo. Mtu akishakuchagua, unamuuliza nini tena? Maisha yangu yote nimeyajenga juu ya siku ile."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Ulikuwa wimbo ule ule.

"Wimbo wenyewe umenipita masikioni siku zote hizi," alisema Fundi. "Vile viatu vilinigusa kidogo. Nikasema, wanawake wangapi wamevua viatu kwenye mvua. Na nikauweka kwa spika kubwa, nikawaita watu wasikilize." Akaisogeza bisibisi pembeni. "Kumbe hukunichagua. Mlango tu haukufunguliwa."

"Baba Chiriku."

"Nikuulize moja. Angefungua, ungerudi?"

Jibu la kumponya lilikuwa karibu, fupi, na labda angelipokea. Lakini Mama Chiriku alikuwa amechoka na maneno ya kuficha, na aliona kwamba akidanganya sasa, mtu huyu aliyemfichia shangazi angejua mara moja.

"Sijui," alisema. "Siku ile, labda nisingerudi. Lakini siku zilizofuata zote, nilirudi kwa sababu nilitaka."

Fundi alitikisa kichwa polepole. "Ningependa kuyasikia hayo kutoka kwako," alisema. "Hata kwa matusi. Si kwa mtangazaji."

Akasimama, akaanza kufunga duka, ingawa jua lilikuwa bado liko juu.

Hakuondoka nyumbani. Alihamishia mto wake kwenye chumba cha zamani cha Chiriku, akasema anakoroma siku hizi, hataki kumsumbua. Asubuhi alisalimia vizuri. Chakula alishukuru. Aliishi ndani ya nyumba yake kama mpangaji mstaarabu, na hilo lilimuumiza mkewe kuliko kelele.

Chiriku alikuja mwisho wa juma, amebeba doti ya khanga kwenye karatasi ya zawadi. Mama yake alimfungulia, akampa kiti, akaiacha khanga mezani bila kuifungua.

"Nilibanwa, mama," alisema Chiriku. "Aliponiuliza changu ni kipi, nilijiona mtupu mbele ya nchi nzima. Neno likanitoka. Sikukusudia."

"Ulikutoka ubeti, kisha likakutoka jina langu, kisha akakutoka baba yako na kazi yake. Ni mengi ya kumtoka mtu ambaye hakukusudia."

"Lakini umewafariji watu. Wanawake wananiandikia kutoka kila mahali. Wanasema ni kama umewaimbia wao."

"Mimi nilimwimbia mmoja," alisema Mama Chiriku. "Alikuwa amelala anaangalia ukuta." Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Ulikuwa na kiitikio cha bibi yangu, nilikupa kwa mikono miwili. Ulikuwa na sauti. Na ulikuwa na kisa chako mwenyewe, cha yule aliyekuacha nguo zimekwisha shonwa. Kama walitaka ubeti unaochoma, kwa nini hukuimba hicho?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Alipojibu alikuwa mkweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze.

"Kingeniuma."

"Ndiyo," alisema mama yake. "Kingekuuma."

Hawakuwa wamesema jingine Fundi alipoingia. Chiriku akasimama haraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, baba. Baba, mimi..."

"Umeimba vizuri, mwanangu," alisema Fundi. "Sikio langu haliwezi kusema vinginevyo. Lakini sitaki kuusikia tena ndani ya nyumba hii." Akapita kwenda kunawa.

Wimbo haukuzimika kwa ajili yao. Ulipigwa kwenye harusi, kwenye mashangilio ya mpira, kwenye matangazo ya sabuni. Chiriku alinunua gari. Dukani kwa Fundi wateja waliomba ajaribu spika zao kwa *Pokea*, wengine kwa kutojua, wengine kwa ubaya, naye akawa anajaribu kwa taarifa ya habari. Kufulia waliajiriwa wasichana wapya waliokuja na wimbo midomoni, wenye ngoma ndani yake, ile nafasi ya mchi imezibwa. Waliukunjia shuka kwa kasi ya redio wakachoka kabla ya saa sita. Mrefu aliuliza kama awanyamazishe. Mama Chiriku alisema waache, wao hawana kosa. Lakini hakuongoza tena kuimba, na kina mama wa zamani nao hawakumlazimisha.

Msimu wa mvua ulipoanza, Chiriku alipiga simu. Alizungumza kwa uangalifu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyopigwa deki. Alimuulizia baba yake, akaulizia magoti ya mama, kisha akafika alikokuwa akienda. Wanataka albamu nzima ya nyimbo za bibi. Ule wa kubembeleza, ule wa kupalilia, ule wa kuomboleza. Safari hii kila kitu kitafanywa kwa heshima. Ataandika jina la bibi, na hatagusa ubeti wa mtu.

"Nimezisahau," alisema Mama Chiriku.

"Zote, mama?"

"Zote. Uzee huu."

Wakaagana kwa upole. Alipoweka simu chini alimwona mumewe mezani, redio ya mteja iko wazi mbele yake, mkono umesimama hewani. Alikuwa amesikia.

"Umezisahau kweli?" aliuliza.

"Hapana."

Fundi alimtazama. Kisha akasogeza taa, akainama, akaendelea na waya zake. Mama Chiriku alitoka kwenda kuanua nguo, maana wingu lilikuwa limekwisha funga.